Keki za lava: nyingine kavu, nyingine zinapasuka zikipinduliwa. Kosa ni oveni au vipimo?

Kijiko Kikubwa

Wakuu wa jikoni, habari za saa hizi. Naomba msaada kwenye keki za lava, zile ndogo za mtu mmoja mmoja zinazoliwa moto, ukizikata chokoleti inatiririka. Kuna chakula cha jioni cha watu 24 Jumamosi ijayo, na mwenye shughuli ameziomba hizo za kumalizia mlo.

Vifaa: oveni ya gesi yenye moto wa chini tu, vikombe vya alumini vya mililita 150, mizani ya jikoni ipo. Vipimo vya vikombe 6 ni hivi: chokoleti ya kuokea ya kompaundi gramu 150, majarini gramu 100, mayai 3, sukari gramu 100, unga wa ngano gramu 90, beking pauda nusu kijiko cha chai. Moto nyuzi 180, dakika 15.

Kwenye trei hiyo hiyo moja, za nyuma zinatoka kavu kama keki yoyote. Za mbele zina ujiuji, ila zikipinduliwa kipande cha juu kinang'ang'ania kwenye kikombe na uji wote unamwagika sahanini. Dakika zikipunguzwa, zote zinapasuka. Zikiongezwa, zote kavu.

Je, nibadilishe vipimo au nihangaike na oveni? Na zinaweza kuandaliwa mapema, au lazima zikorogwe wageni wakiwa mezani? Ukumbi uko kama nusu saa kwa gari, ila kuna jiko lenye oveni ya umeme na maikrowevu.

---

Pwani Tamu

Dada, anza na vipimo, oveni tutaifikia. Hiyo ni keki ya chokoleti ya kawaida iliyotolewa mapema. Unga gramu 90 kwa mayai 3 ni mwingi mno: wanga wake ukipata joto unanyonya maji yote ya mayai na kuganda kutoka ukingoni mpaka katikati kwa muda mfupi sana. Dakika moja kabla ni rojo bichi lenye ladha ya unga, dakika moja baadaye ni keki. Huna pa kushika. Na beking pauda itoe kabisa. Inajaza mapovu, keki inapanda na kupasuka juu, halafu ukiitoa inabonyea na kuta zinakuwa dhaifu.

Keki hii inasimama kwa mayai, unga unasaidia tu. Joto linaingia kutoka nje kwenda ndani. Lengo ni ukuta wa sentimita moja hivi ugande kwa nguvu huku katikati hapajafika nyuzi za kugandisha yai. Kwa hiyo tunataka moto mkali kwa muda mfupi. Ukitumia nyuzi 180 kwa dakika 15 joto linapata nafasi ya kutembea taratibu mpaka ndani, na tofauti ya ukuta na katikati inapotea.

Vipimo vya vikombe 6 vya mililita 150, kila kimoja kikiwa na gramu 100 za rojo:

Chokoleti nyeusi ya asilimia 60 hadi 70, gramu 200. Siagi isiyo na chumvi, gramu 140. Mayai mazima 3 na viini 2 vya ziada. Sukari gramu 60. Unga wa ngano gramu 25. Chumvi robo kijiko cha chai. Kwa watu 24 zidisha mara nne.

Mayai yapimwe kwenye mizani bila maganda: zima moja ni kama gramu 50, kiini ni kama 18. Mayai ya kienyeji ni madogo, ukihesabu matatu tu rojo litakuwa zito kupita kiasi. Yatoke kwenye friji mapema yafikie joto la jikoni.

Namna ya kufanya. Yeyusha chokoleti na siagi pamoja kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria yenye maji yanayotokota kidogo sana, bakuli lisiguse maji. Futa unyevu kila mahali, maana matone machache ya maji yakiingia kwenye chokoleti inayoyeyuka inajivuruga na kuwa mchanga mchanga. Ikibaki mabonge madogo, toa motoni, joto lililopo linamaliza. Iache ipoe hadi nyuzi 40 au 45, yaani ukigusa kwa kidole ni vuguvugu tu.

Pembeni piga mayai, viini, sukari na chumvi kwa dakika mbili au tatu, mpaka yapauke na kuongezeka kidogo. Usipige mpaka yawe povu zito la keki ya sponji! Hewa nyingi inaitumbukiza keki kwenye tabia nyingine: inafura juu ya kikombe, inaporomoka, na ndani unakuta tundutundu badala ya uji. Mimina chokoleti kwenye mayai ukikoroga. Ikiwa ya moto sana mayai yanaiva vipande vipande hapo hapo, na hakuna dawa. Chekecha unga juu, changanya kwa mwiko mpana mpaka usiuone mweupe, basi.

Vikombe: siagi laini, sio ya kuyeyuka, ipakwe kwa brashi kutoka chini kwenda juu, kisha nyunyiza unga wa kakao na kung'uta unaozidi. Ukitumia unga wa ngano keki inatoka na mabaka meupe. Kata kiduara cha karatasi ya kuokea kikae kwenye kitako cha kikombe. Hicho kiduara ndicho kitakachomaliza kilio chako cha kipande kinachobaki kikombeni.

Oka nyuzi 220 kwa dakika 10 hadi 11, rojo likiwa la joto la jikoni. Angalia uso wa keki. Dakika ya saba hivi bado unameta wote. Kisha ukingo unaanza kufifia, mng'ao unarudi nyuma kuelekea katikati taratibu, na pembeni pa keki panaachana na kikombe kwa uzi mwembamba. Mng'ao ukibaki duara la upana wa sarafu, na ukitikisa trei duara hilo tu ndilo linalocheza, toa. Ukisubiri likauke umechelewa, kwa sababu keki inaendelea kuiva ndani ya kikombe.

Iache dakika moja, si zaidi ya mbili. Pitisha kisu chembamba ukingoni, weka sahani juu, pindua, hesabu hadi kumi, inua kikombe wima.

Kama una kipimajoto cha sindano: katikati pakiwa nyuzi 60 hadi 65 panatiririka vizuri, 70 panakuwa pazito lakini bado panasogea, 80 hiyo ni keki.

---

Kakao Chungu

Naongezea kwenye chokoleti, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza hela. Geuza pakiti usome viambato. Ukiona siagi ya kakao ndiyo mafuta pekee, hiyo ni chokoleti. Ukiona mafuta ya mawese au mafuta ya mimea yaliyogandishwa, hiyo ni kompaundi, haijalishi picha ya mbele inasema nini. Kompaundi imetengenezwa kwa ajili ya kupaka na kupamba bila kusumbuka na joto lake, na sukari yake ni nyingi sana. Kwenye keki ya lava inatoa uji mtamu tu usio na uchungu wa kakao, na ukipoa kidogo unaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa.

Inawezekana kuitumia kama hakuna njia. Kwa vipimo alivyotoa Pwani Tamu, punguza sukari hadi gramu 20, toa unga gramu 15 na weka kakao ya unga gramu 20 mahali pake. Usiweke kakao juu ya unga wote, kwa kuwa kakao nayo ina wanga na inanyonya maji. Ladha itakuwa ya wastani.

Chokoleti nyeusi haitoki mbali kama watu wanavyodhani. Kakao inalimwa Kyela mkoani Mbeya, na zipo baa za asilimia 70 zinazotengenezwa hapa hapa Tanzania. Waganda nao wana kakao ya Bundibugyo. Bei iko juu, lakini kila mgeni anakula gramu 33 tu. Usivuke asilimia 75 kwa vipimo hivi: kakao kavu ikizidi rojo linakuwa zito na huweza kujitenga mafuta. Ukiwa na ya 80 pekee, ongeza sukari gramu 20 na siagi gramu 10.

Chokoleti ya maziwa na nyeupe usizibadilishe moja kwa moja. Nyeupe haina kakao kavu hata chembe, hivyo hakuna cha kushika ukuta. Inataka unga mwingi zaidi na matokeo yake hayatabiriki. Nyeupe ifae kuwa ya ndani, nje pabaki nyeusi.

Majarini ya kupaka mkate acha. Siagi halisi ina mafuta angalau asilimia 80. Majarini nyingi laini zina maji mengi kuliko siagi, na maji hayo yanageuka mvuke ndani ya keki na kuichana ukuta. Siagi hata ya chumvi inafaa, usiongeze chumvi nyingine tu.

---

Jiko la Makaa

Salamu kutoka Nairobi. Hapo kwa oveni niachieni.

Za nyuma kukauka na za mbele kubaki mbichi ni jambo la kawaida kwa oveni ya gesi ya moto wa chini: mlango unavuja joto. Oveni ikiwa baridi, funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi. Ukikivuta kikatoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka mahali hapo. Pima kila upande. Mpira mpya hupatikana kwa mafundi wa majiko, na ni rahisi kuliko kutupa chokoleti.

Kisha ujue joto lake halisi. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni ni bora. Usipokuwa nacho, kuna kipimo cha sukari: sukari nyeupe huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko kimoja kwenye foili, seti oveni nyuzi 180, acha dakika 15. Isiyeyuke. Ikiyeyuka, oveni yako ina moto kuliko inavyosema. Weka nyingine kwa nyuzi 190, hii iyeyuke. Isipoyeyuka, oveni iko chini. Kwa kujua pembe zenye moto mkali, panga slesi za mkate trei nzima kwa nyuzi 180 dakika chache, utasoma rangi.

Washa nusu saa kabla, hata kama taa ya oveni inazima baada ya dakika kumi. Hewa imepata moto lakini kuta bado, na ukifungua mlango joto lote linaondoka na hewa. Vikombe vyote vipangwe kwenye trei moja ya chuma uingize kwa mara moja, usichomeke kimoja kimoja. Rafu ya katikati. Moto wa chini ukiwa mkali sana weka trei mbili moja juu ya nyingine, kitako kisiungue. Geuza trei mara moja tu, dakika ya sita, kwa haraka. Trei mbili kwa rafu mbili usijaribu kwenye oveni hiyo: ya chini inazibia ya juu. Oka 12, halafu 12.

Wenye jiko la mkaa msikate tamaa, hii inaokeka kwa kupalia makaa juu na chini. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu sentimita mbili chini, kisahani cha chuma juu ya mchanga, mfuniko bapa usiovuja. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama theluthi moja kwa theluthi mbili. Ipashe dakika 20 kabla ya kuingiza chochote. Vikombe vya enameli vinafaa sana, vya plastiki ngumu ndio hapana. Tegemea dakika 12 hadi 15, na ukifunua mfuniko kuchungulia ongeza moja. Majivu yatakuangukia ukiinua mfuniko kwa pupa, uinue ukiwa sawasawa.

Na kuna anayeuliza kila mara kuhusu mwinuko. Hapa maji yanachemka karibu nyuzi 94, na keki zenye beking pauda zinatusumbua kwa kuumuka mbio halafu kuzama. Hii haina beking pauda, kwa hivyo haisumbui. Kitu cha kuangalia ni mng'ao tu, kama alivyosema Pwani Tamu.

---

Donge Barafuni

Nimewasoma wote na hamjakosea, ila kwa watu 24 mimi nisingemshauri mtu aende kwa njia ya kutoa keki mapema. Kuna njia mbili, na ile ya pili ndiyo ya kazi ya oda.

Ya kwanza ni hiyo mliyoeleza, ambayo mpishi Jean-Georges Vongerichten aliifanya maarufu mgahawani New York kuanzia 1987: rojo moja tu, haliivi katikati. Ya pili ni ya zamani zaidi. Mpishi Michel Bras kule Laguiole, Ufaransa, aliitoa mwaka 1981: donge la chokoleti lililogandishwa linazikwa ndani ya rojo, keki inaiva yote, na donge linayeyuka ndani. Hapo uji haukutokana na yai bichi. Ukizidisha dakika mbili bado unao. Kwa oveni ngeni ya ukumbini, hizo dakika mbili ndizo zinazookoa shughuli.

Kuna suala la mayai pia. Katikati pa njia ya kwanza kwa kawaida hapafiki nyuzi 71, ambazo ndizo zinazotajwa kuwa salama kwa vyakula vya mayai dhidi ya bakteria wa salmonela. Kwenye kundi la watu 24 huenda kuna mjamzito, mzee au mtoto mdogo. Ukiwahudumia wageni usiowajua, donge.

Madonge 24 ya gramu 18: chokoleti nyeusi gramu 240, krimu nzito gramu 200. Chemsha krimu mpaka ianze kububujika pembeni, mimina juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, subiri dakika mbili, koroga kuanzia katikati kwenda nje mpaka ing'ae. Mimina kwenye trei za barafu, kila tundu gramu 18, gandisha usiku kucha. Tui zito la nazi la boksi linachukua nafasi ya krimu kwa uzito ule ule, na linapendeza mno na chumvi kidogo. Tui la kukamua nyumbani lichemshwe kwanza likaukie, la sivyo maji yatazidi na ganashi, yaani huo mchanganyiko wa chokoleti na krimu, haitaganda vizuri.

Rojo la nje linataka unga zaidi ili ukuta ubebe. Chukua vipimo vya Pwani Tamu, unga uwe gramu 45 badala ya 25. Kwa kuwa donge linachukua nafasi, kila kikombe kinataka gramu 78 hivi za rojo, kwa hiyo unazidisha mara tatu, sio nne: chokoleti 600, siagi 420, mayai 9 na viini 6, sukari 180, unga 135.

Sasa mahali inapoharibika. Donge ni zito kuliko rojo, linazama. Likigusa kitako cha kikombe, ukipindua ndilo linakuwa paa la keki, na paa hilo halina ukuta: linatoboka au linabaki kikombeni. Weka rojo theluthi moja hivi ya kikombe kwanza, yaani gramu 50, tia vikombe kwenye friji dakika 20 rojo lishike, ndipo weka donge katikati bila kulisukuma, malizia na gramu 28 za juu. Donge lisitoke friza mpaka dakika hiyo. Ukiyaacha mezani kwa joto la Dar yanalainika na kuanza kujichanganya na rojo.

Nyuzi 200, dakika 13 hadi 14 keki zikiwa zimetoka kujazwa. Huku hutafuti mng'ao. Uso wote uwe umekauka na ukibonyeza kwa kidole urudi. Kijiti kichomwe pembeni, kwenye ukuta, kitoke kisafi. Ukikichoma katikati utakutana na donge na hutajifunza kitu. Zipumzike dakika mbili au tatu kabla ya kupindua, zinastahimili.

---

Pwani Tamu

Donge Barafuni, kwa oda nakubaliana. Kwa ulaji wa nyumbani bado naona njia ya kwanza ina uji mzuri zaidi, kwa sababu ni keki ile ile inayolegea kidogo kidogo kuelekea ndani. Ya donge ukiikata unaona mpaka: hapa keki, hapa ganashi. Wafaransa wanaweza kunibishia.

Viini vya ziada vitakuachia ute wa mayai 6. Usiumwage, unafaa kwa makaruni ya nazi siku inayofuata.

---

Kijiko Kikubwa

Asanteni sana wakuu. Basi nakwenda na donge na siagi halisi. Chokoleti nimeipata ya asilimia 64. Naomba mnisaidie ratiba: nijaze lini, nisafirishe vipi, na ule ukumbi una vikombe vya kauri, je, vinafaa kuliko vyangu vya alumini? Na kuna wageni wawili hawali mayai.

---

Donge Barafuni

Baki na alumini. Kauri ni nene, inachelewa kupata moto halafu inachelewa kuuacha, kwa hiyo dakika zinaongezeka moja au mbili na keki inaendelea kuiva baada ya kutoka. Kauri inafaa pale ambapo keki inaliwa humo humo kwa kijiko bila kupinduliwa.

Alhamisi usiku: madonge friza, yawe 26 ili na wasiokula mayai wapate, kwa hiyo ongeza chokoleti gramu 20 na krimu gramu 17.

Ijumaa jioni: koroga rojo, jaza vikombe, funika kila kimoja kwa plastiki ya jikoni iliyogusana na uso, weka friza kabisa, sio friji. Kwenye friji zinakaa siku moja bila shida, ila kwa safari ya nusu saa ndani ya gari ni bora zianze zikiwa ngumu. Jaza 24: 22 za wageni wanaokula mayai, mbili za majaribio.

Jumamosi: zibebwe kwenye boksi la barafu, zimesimama. Zisiokwe nyumbani. Ukifika washa oveni ya umeme nusu saa, moto wa juu na wa chini. Kama ina feni punguza nyuzi 20. Oka moja peke yake kwanza. Iliyoganda kabisa kwa nyuzi 200 inataka dakika 18 hadi 20. Ikianza kuwa nyeusi juu kabla pembeni hapajashika, shusha hadi 190 na ongeza dakika mbili. Jaribio hilo moja ndilo litakupa dakika za trei nzima, ila trei ikijaa ongeza dakika moja au mbili, kwa sababu vikombe 12 vya barafu vinaipoza oveni kuliko kimoja.

Ingiza trei ya kwanza sahani za chakula zinapoanza kuondolewa mezani, ya pili dakika nne baada yake kama oveni ina nafasi ya trei mbili. Sahani za keki zipashwe moto kidogo, zikiwa baridi uji unaganda kabla mtu hajashika kijiko. Sukari ya unga ichekechwe juu dakika ya mwisho, ikiwekwa mapema inayeyuka na kupotea. Aiskrimu ikae pembeni, sio juu.

---

Kakao Chungu

Kwa hao wawili wasiokula mayai, hiyo keki ya mayai usijaribu kuibadilisha kwa kuweka maziwa mahali pa mayai, itakuwa uji mpaka kwenye sahani. Tengeneza ya unga: kwa vikombe 2, unga wa ngano gramu 50, kakao gramu 12, sukari gramu 45, beking pauda nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, maziwa mililita 80, siagi iliyoyeyushwa gramu 30. Koroga mpaka ilainike tu, jaza nusu, weka donge lile lile, funika na rojo, oka nyuzi 180 kwa dakika 14 hadi 16. Hapa beking pauda inahitajika, maana hakuna yai la kuinyanyua. Ukuta wake ni laini, kwa hiyo usiipindue, ipeleke mezani ndani ya kile kikombe cha kauri. Kama hawali maziwa pia, tui na mafuta ya nazi vinakaa vizuri mahali pa maziwa na siagi. Hii usiigandishe, ikorogwe huko huko ukumbini: pima vikavu nyumbani uvitie kwenye mfuko.

---

Jiko la Makaa

Swali la pembeni kwa Donge Barafuni: zikibaki?

---

Donge Barafuni

Za donge zinarudi. Zitolewe kwenye vikombe zikiwa bado vuguvugu, zipoe, friji siku mbili. Maikrowevu ya wati 800, sekunde 20 kwa moja, pumzisha nusu dakika, ukihitaji ongeza sekunde 10. Sekunde 40 kwa mkupuo ganashi inachemka ndani na kutoboa ukuta. Zile za njia ya kwanza hazirudi: ukizipasha, lile yai la katikati linamalizia kuiva na unabaki na keki nzito.